Dirisha la Dawa: Figo ya dada, balungi la uani

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mfamasia. Mimi ni mwalimu wa skuli, umri wangu miaka 41, nakaa nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Figo zangu ziliharibika kwa presha. Nikasafishwa damu kwa mashine karibu miaka miwili, kisha dada yangu, Mungu amlipe, akanipa figo yake moja. Huu ni mwezi wa nane tangu nipandikizwe na figo inafanya kazi vizuri. Natumia dawa za kushusha kinga, takrolimasi na maikofenoleti, asubuhi na usiku, na prednisoloni, ambayo ilianza vidonge vingi na sasa imeshuka hadi miligramu 10 kwa siku. Tatizo langu ni miguu. Kiasi cha miezi miwili sasa nyayo, vifundo na magoti, pande zote mbili, yanauma kwa ndani kama mtu anayatoboa kwa keke. Nikifundisha vipindi viwili lazima niombe kiti. Nikilala nikaweka miguu juu ya mto napata nafuu. Sivuti sigara. Nakula wali, samaki, mchicha, na balungi moja kila siku baada ya isha, kwa kuwa mbalungi uko uani na mke wangu anasema matunda yanaongeza damu. Jamaa mmoja msikitini kaniambia hizi dawa za kushusha kinga zinakula mifupa, na kwamba yeye kaacha zake na yuko salama. Ni kweli? Na je, nikiacha prednisoloni tu, nikabaki na hizo nyengine mbili?
Mwalimu, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Nilikuwa naisoma barua yako huku nakunywa chai, nilipofika kwenye balungi nikaweka kikombe chini. Tutalirejea.

Kwanza swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Usiache prednisoloni, wala usiikate nusu, kwa shauri la msikitini. Kinga ya mwili wako haijapata kuikubali figo ile, imenyamazishwa tu. Kila siku inaitizama na kuona mgeni. Ukiondoa dawa moja bila ya daktari, mgeni anaweza kushambuliwa na wewe usihisi kitu mpaka kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo, ipande. Tena mwili uliomeza prednisoloni kwa miezi huacha kujitengenezea homoni yake wenyewe ya jamii hiyo. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zako za kuzaliwa zimelala usingizi. Ukikata ghafla unaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikaanguka ukazimia. Huyo jamaa simjui alikuwa anaumwa nini. Wewe una figo ya dada yako tumboni.

Haya, zinakula mifupa? Mfupa si kitu kilichojengwa utotoni kikaachwa. Ni kama nyumba za mawe za Mji Mkongwe: mwenye nyumba akikaa miaka bila ya kugusa chokaa, masika yanamshushia ukuta. Mwilini mafundi hawaondoki. Kuna seli wabomoaji, osteoklasti, wanaochimba pale mfupa ulipochoka. Nyuma yao wanakuja wajenzi, osteoblasti, wanatandika utando mpya wa protini kisha wanaujaza madini. Wabomoaji humaliza shimo lao kwa wiki mbili tatu. Wajenzi wanataka miezi mitatu minne kuliziba shimo lile lile. Kwa mtu mzima, kiasi cha asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka kwa mtindo huo. Basi dawa yoyote inayowagusa wajenzi inaacha mashimo wazi, hata kama wabomoaji hawakuzidisha kasi.

Prednisoloni inawagusa wao hasa. Wajenzi huzaliwa ndani ya uboho, kutokana na seli mama ambazo zinaweza kuja kuwa wajenzi au kuja kuwa seli za mafuta. Prednisoloni huzielekeza kwenye mafuta. Wale waliokwishazaliwa hufanya kazi kidogo na hufa kabla ya siku zao. Wanakufa pia osteositi, nao ni wajenzi wa zamani waliofukiwa ndani ya mfupa walioujenga wenyewe, kazi yao iliyobaki ni kuhisi nyufa na kuita mafundi. Na katika miezi ya mwanzo wabomoaji, ambao ungetaraji wapungue, huongezewa umri. Juu ya yote hayo utumbo hunyonya kalsiamu kidogo, na figo huimwaga zaidi katika mkojo. Ndiyo maana hasara kubwa hutokea mwaka wa kwanza, na hatari ya kuvunjika huanza kupanda ndani ya miezi mitatu hadi sita, mtu hajahisi lolote. Wengi hudhani dozi ndogo haina neno. Madaktari wa viungo wa Marekani, katika muongozo wao, wanaanza kuhesabu tahadhari tangu miligramu 2.5 kwa siku ikizidi miezi mitatu. Wewe una 10.

Niruhusu nitoke nje ya barua yako kidogo. Dada yangu mkubwa alikuwa na baridi yabisi ya vidole na magoti. Miaka ya tisini alikuwa akimeza prednisoloni kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia, dirishani kwangu, namfungia katika bahasha ndogo za karatasi. Baada ya miaka minne buibui lake, lililoshonwa kwa kipimo, likaanza kufagia ngazi. Tukacheka, tukasema pindo limelegea, likapelekwa kwa fundi likapunguzwa vidole vinne. Mwaka uliofuata akanyanyua ndoo ya maji ambayo hata haikujaa, akasikia kitu kimelia mgongoni, akakaa kitako pale pale. Picha ikaonyesha pingili mbili zimebonyea, na moja ilikuwa ya zamani. Buibui halikuwa na kosa; yeye ndiye aliyepungua. Nilikuwa na cheti cha ufamasia ukutani na sikupata kumwambia neno moja juu ya mifupa. Na si kwamba lilikuwa halijulikani. Daktari Harvey Cushing wa Marekani alikwishaeleza mwaka 1932 habari za wagonjwa ambao, kama ilivyokuja kufahamika baadaye, miili yao ilitoa homoni ya jamii hii kupita kiasi, na mifupa yao ilikuwa dhaifu. Hiyo ni miaka 16 kabla ya mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi kupigwa sindano ya kotisoni, dawa ya jamii hii hii, mwaka 1948.

Turudi kwako. Takrolimasi ni habari nyengine. Ilipatikana mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Siklosporini iliyoitangulia ilitoka kwenye kuvu wa udongo wa Norway, na sirolimasi, dawa nyengine ya kushusha kinga, kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huko kati ya bahari ya Pasifiki. Nilipokuwa kazini nilipenda kuwaambia wagonjwa hivyo, na bibi mmoja akanijibu kwamba sisi tuliokwishaambiwa tumeumbwa kwa udongo hatuna la kushangaa. Takrolimasi na siklosporini huziba kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, ambacho seli za kinga hukitumia kupiga mbiu ya mgambo. Tatizo ni kwamba wajenzi na wabomoaji wa mfupa nao wanakitumia kimeng'enya hicho. Panya wa maabara wakipewa dawa hizi peke yake, mifupa yao hupungua haraka. Kwa binadamu ni vigumu kuitenga lawama, maana wengi wanaozimeza wanameza na prednisoloni. Na takrolimasi ina fadhila yake: kwa nguvu zake daktari huweza kuishusha prednisoloni. Maikofenoleti haijaonekana kuwa na kosa kubwa kwa mfupa.

Kwa hiyo ukinitaka nimtaje mla mifupa, namtaja prednisoloni, na wa pili namtaja mtu ambaye jamaa yako wa msikitini hakumfikiria: yale maradhi ya figo yenyewe. Figo mbovu haiwezi kuiamsha vitamini D. Kalsiamu ya damu ikitaka kushuka, tezi za parathiroidi shingoni zinamwaga homoni, na homoni inakwenda kuchota madini mifupani. Miaka yako miwili ya mashine ilikuwa miaka miwili ya kuchotwa. Uliingia chumba cha upasuaji mifupa imeshakatwa kodi.

Sasa balungi. Maumivu ya miguu yote miwili sawasawa, kutoka nyayo mpaka magoti, yanayozidi ukisimama na kupungua ukiinua miguu, tena ndani ya mwaka wa kwanza wa figo mpya: hali hiyo madaktari wa figo wanaijua, na wanaihusisha na takrolimasi na siklosporini, hasa kiwango kikiwa juu katika damu. Inadhaniwa mishipa midogo inayolisha mfupa hubana, uboho ukavimba maji, na mfupa hauna pa kutanukia. Balungi nalo lina vitu vinavyokizuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kazi yake ni kuivunja takrolimasi kabla haijaingia katika damu. Mlinzi akifungwa mikono, kidonge kile kile cha siku zote kinaingia mwilini zaidi ya alivyokusudia daktari. Si juisi peke yake, hata nyama ya tunda. Danzi nalo liache. Chungwa tamu halina neno.

Sisemi nimeshakupata ugonjwa wako nikiwa hapa Kikwajuni na chai yangu. Nasema acha balungi leo, kesho mpigie daktari wako wa figo, na umwambie kwa maneno haya haya kwamba umekuwa ukila balungi kila usiku. Akupime kiwango cha takrolimasi. Damu itolewe asubuhi kabla hujameza dozi, na kidonge uende nacho mfukoni. Nimewaona wengi wanameza alfajiri kwa mazoea, wanapanda gari, wanatolewa damu saa nne, majibu yanatoka makubwa ya uongo na dozi inapunguzwa bure. Usipunguze mwenyewe. Ukishaacha balungi kiwango chenyewe kinaweza kushuka, na kikishuka sana figo ndiyo itakayolipa, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Kama ni hali hiyo niliyoieleza, dozi ikirekebishwa maumivu huondoka, na ziko dawa za presha ambazo baadhi ya madaktari huzitumia kuilegeza mishipa hiyo.

Kuna maumivu mawili ambayo ukiyapata usingoje simu. Moja ni ya kinena au nyonga, hata upande mmoja, yanayokufanya uchechemee: prednisoloni inaweza kukata damu ya kichwa cha mfupa wa paja, kikafa, na eksirei ya mwanzo ikatoka safi kabisa. Ukiambiwa picha haina kitu na wewe bado unachechemea, omba picha ya MRI. La pili ni maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinama au kunyanyua.

Kuilinda mifupa si kazi ya kungoja ivunjike. Muulize daktari akupime kalsiamu, fosfeti, vitamini D na homoni ya parathiroidi, na kama kuna uwezekano kipimo cha wingi wa madini mifupani. Mtu mzima anahitaji kiasi cha miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa inakupa karibu 300. Lakini wewe kinga yako imeshushwa, kwa hiyo yachemshwe, na mtindi wa maziwa mabichi wa kwenye kibuyu uutizame kwa mbali tu. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni kalsiamu safi, alimradi chumvi ioshwe kwa sababu ya presha yako. Ufuta pia. Madafu usiyafanye maji ya kunywa kutwa, kwani yana potasiamu nyingi na takrolimasi hupandisha potasiamu. Jua ni habari ya kupimana: ngozi inalihitaji kutengeneza vitamini D, lakini anayemeza dawa za kushusha kinga kwa miaka huwa karibu zaidi na saratani ya ngozi, kwa hiyo usiende kulianika kama karafuu. Vitamini D ya kidonge ni salama zaidi kwako, kwa dozi ya daktari. Usinunue mwenyewe.

Kuna vidonge vya kuwazuia wabomoaji, alendroneti ndiyo maarufu, kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Daktari hakitoi mpaka ajue figo inachuja kiasi gani, maana ikichuja chini ya 35 kwa kipimo chao hakitumiki. Ukipewa, kinamezwa tumbo tupu kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai, si maziwa, kisha ukae wima nusu saa bila ya kula wala kulala, la sivyo kinaunguza koo. Dada yangu alikuja kukimeza baadaye. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akiamka mapema kuliko sisi, anakimeza, anakaa kwenye baraza la ndani na tasbihi yake, nusu saa ikipita ndipo anatuamsha kwa daku.

Na kwa kuwa nimeitaja Ramadhani: takrolimasi inataka saa 12 baina ya dozi na dozi, na saumu yetu hapa ni saa 13 na ushei. Madaktari wengi hawataki mgonjwa wa figo mpya afunge mwaka wa kwanza. Usiamue peke yako, na usione haya kuuliza. Na kwa ajili ya hiyo mifupa, msimu wa karafuu ukifika, simama chini uhesabu pishi, waache vijana wapande.

Majibu ya damu yakitoka niandikie. Balungi mpe jirani, lakini muulize kwanza anameza dawa gani, maana baadhi ya dawa za presha na za mafuta ya damu nazo haziliwezi.

SWALI: Shikamoo Bi. Nina miaka 22, harusi yangu ni mfunguo tatu, inshaallah. Mimi ni mwembamba, na shangazi yangu alinipa vidonge vidogo vya kunenepa, viwili asubuhi na viwili usiku, nina miezi minne sasa. Nimenawiri uso na kila mtu ananisifu. Kwenye kopo nimeona imeandikwa deksamethasoni 0.5. Siku hizi magoti hayana nguvu nikipanda ngazi. Ni ya kawaida?
Bibi harusi, Bububu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Si ya kawaida.

Hiyo ni dada yake prednisoloni, tena mwenye nguvu zaidi. Miligramu 0.75 yake ni sawa na 5 za prednisoloni. Vidonge vyako vinne ni miligramu 2 kwa siku, yaani unameza kama prednisoloni 13 kila siku. Ni zaidi ya mwalimu wa hapo juu, na yeye ana figo ya kuilinda. Wewe unalinda nini?

Watu wanakwambia uso umekuwa mwezi wa kumi na nne. Madaktari nao wanauita uso wa mwezi, na kwao hiyo si sifa, ni dalili. Mafuta yamehamia usoni na tumboni, maji yamejaa, na nyama za mapaja zinaliwa, ndiyo maana ngazi zimekushinda. Mifupani ni hadithi ile ile niliyomwandikia mwalimu, nawe uko katika miaka ambayo ungekuwa unamalizia kuweka akiba ya mfupa wa maisha yako. Sukari na presha pia hupanda. Sina ugomvi na shangazi yako, pengine naye aliuziwa kwa maneno matamu, lakini aliyeviuza bila ya kuuliza chochote namjua aina yake.

Usiviache leo usiku kwa hasira. Miezi minne inatosha kuzilaza zile tezi za juu ya figo nilizomweleza mwalimu. Nenda hospitali na kopo mkononi, wakupime sukari na presha, wakupangie kuvishusha kidogo kidogo. Katika siku za kushusha, ukipata homa au kutapika au kizunguzungu kikubwa, rudi siku hiyo hiyo na useme unatoka kwenye deksa. Umri wako unakusaidia, dawa ikiondoka wajenzi wanarudi kazini na sehemu kubwa ya kilichopungua huweza kurejea. Singo endelea nayo, hiyo haina kosa. Na huyo bwana alikuposa ukiwa mwembamba.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana pumu, kapewa dawa ya kuvuta ya steroidi kila siku. Jirani anasema itamdumaza na kumvunja mifupa. Niiache?
Mama, Makunduchi

JIBU: Usiiache. Steroidi ni jamii ile ile ya prednisoloni, lakini dozi ya kuvuta ni ndogo, inafika kifuani na kidogo sana inaingia katika damu. Baadhi ya watoto huchelewa urefu wa kiasi cha sentimita moja, na daktari hukusudia dozi ndogo inayotosha. Pumu isiyotulia ndiyo itakayompeleka kwenye vidonge vya prednisoloni mara kwa mara, na hivyo ndivyo vyenye deni kwa mifupa. Mpimie urefu kwenye kizingiti cha mlango kila baada ya miezi sita, weka alama kwa mkaa na tarehe, na uende nazo kliniki. Atumie lile kopo la plastiki linalochomekwa kwenye dawa ya kuvuta. Akimaliza asukutue kinywa kwa maji, ateme, asimeze.